Tulivyotafuta Nyumba ya Ufukweni Nyumba ya Mungu

Mume wangu ni Mkerewe. Alizaliwa kisiwani, alijua kupiga kasia kabla hajajua kusoma, na tangu ahamie Moshi kikazi mwaka 1998 anakosa kitu kimoja tu: maji. Mlima anaupenda. Mtori anaupika vizuri kuliko dada zangu. Lakini Jumapili jioni, chai ikishanyweka, alikuwa akikaa barazani kwetu Pasua ameelekeza uso kusini, kwenye miwa na vumbi, na baada ya kimya kirefu utamsikia: "Mama watoto, mimi sitaki kuzeekea mahali ambapo sisikii maji yakigonga mtumbwi."

Mimi nimezaliwa Kibosho, migombani. Kwetu maji huja kwa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kwa zamu, na mwenye zamu huamka usiku na jembe na tochi kwenda kuyafungulia. Babu alikuwa na siku yake. Akiikosa, anasubiri wiki nzima huku maharage yanamtazama. Maji yalikuwa mgeni wa kukaribishwa shambani kisha kuruhusiwa yaende kwa jirani. Kuyafuata yaliko na kujenga nyumba hapo, hilo sikulisikia kwa mtu yeyote wa kwetu. Nilipomweleza baba kwamba tunatafuta kiwanja Nyumba ya Mungu, kando ya lile bwawa la Mto Pangani, aliweka kikombe chini. "Huko chini watu huenda kulima mahindi wakarudi," alisema. "Nani analala huko?"

Naandika haya kwa sababu naulizwa sana siku hizi. Wastaafu wa Moshi na Arusha, vijana waliojibana wakapata vihela, ndugu walioko ughaibuni, wengi wana ndoto ya nyumba inayotazama maji, boti imefungwa mbele, samaki wa jioni anatoka pale pale. Ni ndoto nzuri, na simkatishi mtu tamaa, maana mimi mwenyewe naishi ndani yake sasa. Ila mwaka 2019 zilibaki siku nne tu tuzamishe akiba ya miaka kumi na moja ndani ya bwawa. Nataka mtu mwingine ajue tulivyonusurika.

Tulianza na Duluti, kwa kuwa ni karibu, pale Tengeru, na mume wangu aliwahi kupanda mtumbwi huko na wageni wa ofisini. Ziwa dogo la kasoko, maji ya kijani, msitu wa hifadhi umelizunguka. Ukingo wake hauuzwi, na nashukuru hauuzwi. Chala, kule Rombo, ni zuri mpaka linatisha: maji yako chini kabisa ya kuta za mawe, mpaka wetu na Kenya unapita katikati yake, na kushuka hadi majini ni kazi ya kushika mizizi. Kule utapata mandhari, mahali pa kuegesha boti hupati. Jipe lina mafunjo na magugu mengi, wavuvi wanapasua njia kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Bahari hakutaka hata kuisikia. "Maji ya chumvi yanakula misumari," alisema, na kutoka Moshi hadi Tanga ni safari ya siku, huwezi kuifanya kila wikiendi ukiwa bado kazini. Ikabaki Nyumba ya Mungu.

Ukitoka Moshi unapita Himo, unashika barabara ya Mwanga, Milima ya Upare ikiwa kushoto kwako, na ukifika Kifaru unakunja kulia. Kutoka hapo joto linabadilika. Baridi yetu ya asubuhi inaisha, unakutana na migunga, mikunazi, ng'ombe wa Wamaasai na vumbi linaloingia hata kwenye meno. Halafu ghafla, kama mtu kafungua pazia, maji.

Bwawa hilo lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kuukinga Mto Pangani, ili maji ya masika yatunzwe na kuachiwa taratibu kwa mitambo ya umeme iliyo chini, kule Hale. Baadaye likawekewa mtambo wake lenyewe, wa megawati 8. Likijaa linafunika kilomita za mraba 140 hivi. Linalishwa na mito miwili: Ruvu unaotoka upande wa Jipe, na Kikuletwa unaobeba maji ya Meru na ya mlima wetu. Nilipofuata Kikuletwa kwenye ramani kwa kidole nilikuta Weruweru, na ndani ya Weruweru nikakuta Karanga. Karanga ni mto wa utotoni mwangu. Maji yaliyobaki baada ya zamu ya babu yalikuwa yakiishia huko tulikotaka kujenga. Nilimwonyesha mume wangu, akacheka kwa furaha, akasema basi nakwenda kwetu.

Tulikwenda mara ya kwanza Septemba 2019, mwisho wa kiangazi.

Dalali alitupokea Kifaru, akaingia kwenye gari, akaongea bila kupumua mpaka tukafika. Kiwanja chenyewe kilikuwa eka moja na nusu, tambarare kama meza, majani mabichi wakati pori lote limekauka. Kutoka kwenye kigingi cha mbele hadi majini nilihesabu hatua thelathini. Kaskazini mlima ulikuwa umejitokeza juu ya wingu, theluji yake kidogo inang'aa. Mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, palikuwa na mitumbwi kumi na kitu, mingine imeelekezwa kifudifudi, mtoto mmoja anatia kalafati kwa kipande cha nondo kilichobanwa. Mume wangu alivua viatu. Alitembea hadi maji yakamfika magotini, na hakusema neno. Miaka ishirini na moja nilikuwa sijamwona na uso ule.

Bei ilikuwa milioni mbili na nusu kwa eka. Dalali alisema kuna watu wa Arusha wanakuja Jumatatu na hela taslimu. Tukakubaliana tulete malipo Jumamosi.

Chini ya mkunazi, hatua chache kutoka kwenye kigingi cha nyuma, alikuwepo mzee mmoja mvuvi anashona wavu. Tangu tufike alikuwa ameitikia salamu tu. Dalali alipojitenga kupokea simu, mzee akamwambia mume wangu, bila kuinua macho kwenye wavu, "Wewe mtu wa ziwani. Nimekusikia unavyotamka." Wakasalimiana upya, salamu ndefu ya watu wa maji. Baba yake mzee alikuja kutoka Musoma, miaka ile bwawa limejaa na samaki hawana idadi, wavuvi wanatoka kila upande wa nchi. Yeye amezaliwa pale pale.

"Mnanunua?" akauliza.

"Tunataka, baba."

Akasimama, akachukua jembe la mtoto lililokuwa limeegemezwa kwenye shina, akaja nasi mpaka katikati ya kiwanja. Alichimba mara mbili tu. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu wa vumbi, nao ulikuwa na unene wa kiganja. Chini yake ulikuwa mweusi, wa kunata, na ndani ya ule mweusi palikuwa na makombe madogo meupe, mengi, kama mchele uliomwagika. Alichota akanitilia mkononi. Konokono wa majini, magamba matupu, mepesi kama karatasi. Katika chimbo la pili alitoa jiwe lenye tundu.

"Hili ni la wavu," alisema. "Linaweza kuwa langu."

Kisha akatuonyesha jambo ambalo mpaka leo, popote ninapopelekwa kuangalia ardhi ya karibu na maji, ndilo la kwanza ninalolitazama. Alinyoosha mkono kwenye vichaka vilivyokuwa juu ya kile kiwanja. Vyote vilikuwa vya kimo kimoja. Hakuna mgunga mkubwa, hakuna mkwaju, hakuna kisiki cha mti uliokatwa. Vyote vimeota mwaka mmoja, siku maji yalipoondoka. Akageuka akatuonyesha miti mikubwa ya kweli, minene, ya umri mbalimbali, ikiwa imejipanga kama mstari kule mbali, zaidi ya nusu kilomita kutoka majini. "Mti hauwezi kudanganya," alisema. "Kule ndiko nchi kavu inakoanzia. Hapa mmesimama bwawani."

Dalali alirudi. Mzee akarudi kwenye wavu wake.

Pengine tungelipuuza neno la mzee, kwa jinsi mume wangu alivyokuwa amependa. Kilichotusimamisha kabisa ni jambo la pili. Nilimwomba muuzaji atuletee mke wake tuonane, kwa sababu nilishaambiwa na shangazi yangu kwamba ardhi ya familia bila saini ya mwenzi ni kesi inayosubiri tarehe. Muuzaji akasema mama yuko Same kwa wagonjwa. Nikaomba namba yake. Nilipompigia siku ya Jumatano, mama wa watu alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kwa upole, "Kiwanja gani, dada?" Jumamosi hatukwenda.

Mwezi uliofuata mvua zikaanza, na nyie mnazikumbuka mvua zile. Vuli ya 2019 haikujua kukoma, ikaunganika na masika ya 2020. Shemeji yangu alipiga simu kutoka Ukerewe kusema jiko lao la uani limeingiwa na maji, jiko alilojenga baba mkwe miaka ya sabini akaacha nafasi ya kutosha kabisa. Mei mwaka ule Ziwa Victoria lilipanda likapita hata kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikitaja kama mwisho wa yote. Mume wangu alilichukulia vibaya. Alisema hata wao waliozaliwa majini wamekosea hesabu.

Juni 2020 tukarudi Nyumba ya Mungu. Barabara ya kwenda kwenye kile kiwanja ilikuwa imekatika ndani ya maji, inaingia tu kama mtu anayekwenda kuoga. Tukampata mzee wetu mwaloni, mwalo ukiwa umehamia juu kabisa karibu na ile miti minene. Akatupakia kwenye mtumbwi wake.

Tulipiga kasia kama robo saa. Mzee alikuwa akitazama mlima, akitazama kilima upande wa Simanjiro, akirekebisha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka akasema, "Hapa." Mbele yetu ulikuwa umetokeza mkunazi, ule ule alioshonea wavu chini yake, matawi ya juu tu, na ndege wa mnana walikuwa wamefuma viota vyao juu ya maji wala hawana wasiwasi. Mume wangu akaushika mti, akachukua pondo akalishusha taratibu kando ya mtumbwi mpaka likagusa chini. Alipolitoa, alama ya maji ilimfika kifuani. Kigingi cha nyuma kilikuwa humo. Sebule niliyokwisha kuichora kwenye daftari, dirisha la kutazama mlima, vyote vilikuwa humo, na perege wanapita.

Nililia. Wala sikuwa nimepoteza shilingi.

Baada ya hapo niliamua kujifunza lile bwawa kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Jambo la kwanza kuelewa ni umbo lake. Lina tumbo pana na ukingo uliolala kama sinia, hasa upande wa kaskazini inakoingia mito. Mahali ambapo ardhi imelala hivyo, maji yakishuka mita moja tu, ukingo unakimbia mamia ya mita. Kimo cha bwawa likijaa ni karibu mita 689 juu ya usawa wa bahari, na katika miaka ya ukame linashuka mita kadhaa chini ya hapo. Sasa fikiria mita hizo chache zimelazwa kwenye sinia. Ndiyo maana dalali wa Septemba anaweza kukuonyesha "ufukwe" ambao Juni ni kilindi.

Na kupanda na kushuka huko hakutegemei mvua peke yake. Hili ni bwawa, lina mlango na mwenye funguo. Juu yake wapo wamwagiliaji, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, mpunga wa Chekereni, na mifongo yetu ya mlimani. Chini yake ipo mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani inayosubiri. Mwenye nyumba ya ufukweni hana kura katika mazungumzo hayo. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi mjini. Nilikwenda, nikauliza, nikaelezwa vizuri bila kulipa kitu. Hatua hiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kabisa kabla hata ya kumpigia dalali.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa bahari, ziwa, bwawa au mto. Watu huzitaja mita hizo kirahisi, wakati swali gumu ni kwamba unaanza kupima wapi. Dalali anapima kutoka maji yalipo siku hiyo. Ukitaka kulala usingizi, pima kutoka pale maji yalipowahi kufika mwaka mbaya kuliko yote. Kwa kiwanja chetu cha kwanza hesabu hiyo ingetusukuma hadi kwenye ile miti minene, na zaidi.

Tulitafuta tena mwaka mmoja na nusu. Safari hii hatukutafuta kiwanja. Tulitafuta miti mikubwa kwanza, ndipo tukauliza mwenyewe ni nani. Tukapata eka moja na robo kwenye mwinuko wenye mikwaju miwili na mbuyu, mali ya mama mjane na watoto wake wanne, wenye hakimiliki ya kimila iliyotolewa na kijiji. Nilichukua mpima ardhi mwenye kifaa chake, si simu. Kimo kinachoonyeshwa na simu kinaweza kupotoka mita nyingi, na hapa mita mbili ndiyo nyumba yako. Alitupatia mita 694 na kitu kwenye kona ya chini. Mama mjane alikuja na watoto wote wanne, wa Dar es Salaam alisafiri, kila mmoja akasaini.

Halmashauri ya kijiji ilitukalisha chini ya mti karibu mchana mzima. Ardhi ya kijiji haihami kwa mhuri wa mwenyekiti peke yake, ingawa wengi wanauziwa hivyo hivyo; uhamisho unapitia kikaoni, na kama kijiji chenyewe ndicho kinachogawa ardhi, lazima mkutano mkuu wa wanakijiji uridhie kwanza, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyosema. Waliniuliza mambo ambayo hakuna dalali aliyewahi kuniuliza. Mnakuja kuishi, au mnafunga geti na kuondoka? Mtaajiri mlinzi wa wapi? Ng'ombe wakipita kwenda kunywa mtafanyaje? Mzee mmoja wa Kimaasai alisimama, akaonyesha kwa fimbo yake mapito ya mifugo yalipo, yanapita kona ya mashariki ya kile kiwanja, na akasema hajali tutajenga ghorofa ngapi ilimradi hapo pabaki wazi. Tukasogeza mpaka wetu hatua kumi na mbili ndani. Naona hizo ndizo hatua bora tulizowahi kutoa.

Nilitia jina langu na la mume wangu kwenye karatasi. Ndugu wa upande wake walinong'ona kidogo. Mama mkwe, Mungu amzidishie umri, alipiga simu kutoka Ukerewe kuwanyamazisha.

Sasa nina jambo la kusema, nalisema kwa uchungu. Tunaotoka mjini na vihela vyetu tunapenda sana ukuta. Nimeona mahali ambapo mtu amenunua, akashusha senyenge mpaka ndani ya maji, akaweka na mbwa. Wavuvi wanaozunguka hapo alfajiri na nyavu mabegani ni watu waliokuwa wakipita njia hiyo tangu utotoni. Kina mama wa kuanika na kukaanga samaki, ambao perege wao tunawala Moshi tukiwanunua pale sokoni Mbuyuni, wanalazimika kuzunguka kilomita na ndoo kichwani. Zile mita 60 ni za bwawa na ni za kila mtu. Ukitaka kuwa jirani wa maji, uwe jirani na wanaoyafanyia kazi. Siku mtumbwi wako ukipinduka, mwenye mbwa na senyenge hatakuja. Atakuja yule uliyemzuia njia.

Viboko nao wana njia. Usiku wanatoka majini kwenda kula majani na wanapita njia zile zile miaka yote, njia mbili zilizochimbika kama za matairi ya trekta, katikati pameinuka. Ukiziona kwenye kiwanja, achana nacho. Usijidanganye kwamba uzio utamgeuza kiboko. Mamba wapo, kwa hiyo watoto wangu hawachoti maji ufukweni wala hawachezi pale jioni. Na kichocho kipo, maana wale konokono wa makombe meupe, au jamaa zao, ndio wanaokibeba. Mume wangu aliyekulia ziwani alikuwa mbishi katika hili mpaka alipopima. Siku hizi anaingia na viatu vya mpira, na kila mwaka tunapima familia nzima.

Nyumba yenyewe si kubwa. Vyumba viwili, baraza pande tatu kwa sababu ya joto, bati limeinuliwa juu ya ukuta ili upepo upite, nyavu za mbu kila dirisha. Choo tulikiweka nyuma, upande wa juu wa mlima mdogo na mbali na maji kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Kisima hatukuchimba, jirani alichimba akapata maji ya magadi ambayo hata mbuzi anayafikiria kwanza. Tunavuna ya mvua, ya kunywa tunabeba kutoka Moshi kwenye madumu. Wanaokuuzia ndoto hawakwambii kwamba utakaa ufukweni ukinywa maji ya kununua.

Na mtumbwi. Mume wangu alikataa kununua uliokwisha kuundwa. Fundi alimwundia pale pale mwaloni kwa wiki tatu, na yeye aliomba likizo akakaa pembeni anashika mbao. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila msumari aliusogelea. Siku ya kuushusha, mzee wetu wa makombe alimimina maji kidogo kwenye omo, sehemu ya mbele ya mtumbwi, akasema maneno yake ya Kijaluo aliyorithi kwa baba yake, nasi tukaitika bila kuelewa. Asubuhi maji hulala kama kioo na unaona mlima mara mbili. Ikifika saa nane mchana upepo unaamka, mawimbi yanakuwa mafupi na makali, na mwenye akili ameshafunga kamba. Jaketi okoa zetu ziko tano, za wote, wala hakuna mjadala.

Baba alishuka kuja kutuona Desemba iliyopita, baada ya kukataa Krismasi mbili. Alikaa barazani na koti lake la Kibosho katika joto lile, hakulivua. Jioni akaomba apelekwe majini. Mume wangu akamshika mkono, mkwe na mkwewe, wakashuka polepole mpaka kwenye mtumbwi, baba akakaa mbele kabisa, mikono magotini. Hawakwenda mbali. Waliporudi nilimwuliza ameonaje. Alisema alikuwa anatafuta maji ya Karanga yanaingilia wapi, ila jicho lake halikufika. Kisha akauliza, "Mwaka ule yalifika wapi?" Mume wangu akamwonyesha kwa kidole. Baba akatazama pale, akatazama nyumba, akatazama tena pale. Halafu akasema usiku ule atalala.

Nyuma ya mlango wa jikoni tuna orodha kwa chaki. Kila mwisho wa mwezi mtoto mmoja anashuka kutoka kwenye ngazi ya baraza hadi yalipo maji, anahesabu hatua kwa sauti, na mimi naandika. Mara zimekuwa 520, mara 260, mwaka ule wa mvua za mwishoni mwa 2023 zilishuka hadi 140, na usiku mbili sikulala. Jumapili iliyopita binti yangu mdogo ndiye aliyehesabu, kwa hatua zake fupi, na nimeandika hivyo hivyo alivyosema: 611.